Shirika likiondoka, kijijini kinabaki nini?

Swali. Msomaji wetu, katibu wa kikundi cha wanawake cha kuweka na kukopa katika kijiji kimoja mkoani Singida, anaandika: "Shirika moja lisilo la kiserikali lilifanya kazi kijijini kwetu kwa miaka mitatu. Lilituchimbia kisima chenye pampu ya mkono, likatufundisha kuweka na kukopa, kisha mradi ukaisha, wakaondoka. Kikundi chetu bado kinakutana kila Jumatano na mtaji unakua, lakini kisima kimeharibika na hakuna anayekitengeneza. Wapo kijijini wanaosema mashirika haya ni ajira ya watu wa mjini tu; wengine tunasema bila hayo tusingekuwa na chochote. Je, yana nafasi gani hasa katika maendeleo? Na sisi tujisajili kuwa shirika ili tupate wafadhili?"

Jibu. Dada yangu, nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, kwa sababu umeweka pamoja mambo mawili ambayo taarifa nyingi za miradi huyaandika katika kurasa tofauti. Shirika ni lile lile, kijiji ni kile kile, miaka ni ile ile mitatu, na bado kazi yake moja imesimama huku nyingine ikiendelea hadi leo. Msimamo wangu, ambao nitaueleza kwa kirefu, ni kwamba shirika lisilo la kiserikali lina nafasi kubwa katika maendeleo pale linapowaongezea wananchi uwezo wa kuamua, kusimamia na kudai, na kwamba hata likichimba visima mia linaweza kuwarudisha nyuma, ikiwa linachukua nafasi yao na ya Serikali yao bila kumwachia mtu yeyote dhamana ya kilichojengwa.

Tuanze na kikundi chenu. Kama mlifundishwa kwa utaratibu uliozoeleka, sanduku lenu lina kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa wanachama watatu ambao si mwenyekiti wala mweka hazina, ili pasiwe na mtu awezaye kulifungua akiwa peke yake nyumbani kwake. Siku ya mkutano sanduku hufunguliwa mbele ya wote, salio la juma lililopita hutajwa kwa sauti, hisa hununuliwa mmoja baada ya mwingine, aliyechelewa hulipa faini, na anayeomba mkopo husimama akaeleza mbele ya wenzake fedha hizo ni za kufanyia nini. Utaratibu huu ulienezwa na shirika la CARE, lililouanzisha nchini Niger mwaka 1991, na ulipofika kwetu uliwakuta watu wanaojua upatu na kusaidiana misibani tangu zamani, ndiyo maana haukuhitaji kubembelezwa. Lakini kiini chake ni kwamba fedha ni zenu tangu shilingi ya kwanza. Shirika liliweka mafunzo, sanduku na madaftari, basi. Siku mwezeshaji alipoacha kuja, hakuna kilichopungua ndani ya sanduku, na sheria za kikundi mlikuwa mmezitunga na kuzipigia kura wenyewe.

Kisima kina habari nyingine. Pampu ya mkono huchakaa, na hilo si ajabu wala si kosa la mtu; mipira na valvu zake huliwa na mchanga na matumizi ya kila siku, na mara nyingi bei ya kipuri ni ndogo kuliko nauli ya kukifuata mjini. Kwa hiyo kinachokwamisha kwa kawaida si fedha nyingi kukosekana. Katika kazi yangu ya maendeleo ya jamii nimekuta visima vya namna hii vijiji vingi, na hali hufanana: kamati ilichaguliwa haraka wakati uzinduzi umekaribia, ikakabidhiwa spana na daftari, lakini kiwango cha mchango wa maji hakikupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, mapato na matumizi hayakuwahi kusomwa hadharani, na fundi aliyefundishwa alikwisha kuhama kutafuta riziki kwingine. Watu wakaanza kuulizana kwa chini michango inakwenda wapi, wakaacha kuchangia, na pampu ilipogoma hapakuwa na aliyejiona mwenye wajibu wa kwanza. Ubao wenye nembo ya mfadhili uliendelea kusimama pale pale, ukieleza ni nani aliyetoa fedha na bila kusema lolote kuhusu ni nani mwenye kisima.

Kisheria jibu la swali hilo lipo. Maji vijijini ni jukumu la Serikali kupitia RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, iliyoundwa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, na usimamizi wa kila siku uko kwa vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambavyo huajiri, hukusanya ankara na hutakiwa kuweka hesabu. Shirika linalochimba kisima nje ya mfumo huo, hata kwa nia njema kabisa, huacha kitu ambacho halmashauri haikukipangia bajeti na kijiji hakikukipangia mchango. Hapo huduma imeingia, ila dhamana haikuingia.

Hapa wengine husema basi tatizo ni wafadhili wa kigeni, na kwamba kabla yao hatukuwa na mambo haya. Historia yetu haisemi hivyo. Watu wa nchi hii waliungana kwa hiari muda mrefu kabla ya neno NGO kusikika. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. African Association, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, ndiyo iliyozaa TAA (Tanganyika African Association) na hatimaye TANU mwaka 1954. Yaani chama kilicholeta Uhuru chenyewe kilitoka katika asasi ya kiraia. Misheni ziliendesha hospitali na shule, jumuiya za Waislamu zikajenga za kwao, na miji ya pwani ilijaa vyama vya kuzikana na vya ngoma vilivyokuwa na viongozi, michango na kanuni.

Baada ya Uhuru, nafasi hiyo ilibanwa. Vyama vya wafanyakazi viliwekwa chini ya chombo kimoja, NUTA, mwaka 1964. Mamlaka za serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972. Vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa mwaka 1976. Lakini tukio ninalotamani kila mwanafunzi wa maendeleo alijue ni la Ruvuma. Vijana wa TANU walianzisha kijiji cha Litowa mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakalima pamoja, wakajenga shule iliyofundisha kazi na masomo kwa pamoja, na vijiji zaidi ya kumi vikaungana nao katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliwapenda, na wengi wanaona kuwa mfano wao ulichangia mawazo yake ya vijiji vya ujamaa. Hata hivyo, Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikipiga marufuku chama hicho, na mali zake zikachukuliwa. Vijiji hivyo vilikuwa vikitekeleza siasa ya nchi kuliko karibu vyote; kosa lake lilikuwa kwamba viliamua mambo yake vyenyewe. Tangu hapo mwananchi wa kijijini alijifunza kungoja, kwanza akiingoja Serikali, na miaka ya 1980 uchumi ulipoanguka na Serikali ikapunguza huduma chini ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, akaanza kumngoja mfadhili.

Ndiyo maana mashirika mengi tunayoyajua yalizaliwa kati ya mwishoni mwa miaka ya 1980 na katikati ya miaka ya 1990: TAMWA ya wanahabari wanawake mwaka 1987, WAMATA mwaka 1989 kwa ajili ya walioguswa na UKIMWI, TGNP ya masuala ya jinsia mwaka 1993, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu mwaka 1995. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992 nafasi ilipanuka zaidi, na Serikali ikatunga sera ya mashirika haya mwaka 2001 na sheria yake mwaka 2002 kwa upande wa Bara, huku Zanzibar ikiwa na sheria zake za jumuiya. Utaona kwamba orodha hiyo ina mashirika ya namna mbili, yanayotoa huduma na yanayotetea haki, na mengine yanafanya yote mawili.

Kuhusu yale ya huduma sitasema mengi. Yanafaa pale mipaka ya wajibu imeandikwa wazi, na mfano wake tunao karibu: hospitali za makanisa zilizoteuliwa kuwa hospitali za wilaya, ambapo kanisa huendesha na Serikali huchangia mishahara na dawa, utaratibu ulioimarishwa na makubaliano ya mwaka 1992 kati ya Serikali na makanisa. Zina matatizo yake, hasa ruzuku inapochelewa, lakini mgonjwa anajua aende wapi na alalamike kwa nani.

Utetezi ndio unaozungumzwa kidogo vijijini, kwa sababu haujengi jengo la kupigia picha, na mimi naamini ndiko mashirika haya yalikotupa faida kubwa kuliko zote. Chukua ardhi. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinatamka kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki, kutumia na kuuza ardhi sawasawa na mwanamume. Maneno hayo hayakuingia humo yenyewe. Asasi za wanawake, chama cha wanasheria wanawake, TAWLA, kikiwamo, zilifuatilia muswada ule kifungu kwa kifungu, zikakutana na wabunge, zikaandika mapendekezo. Mjane wa kijijini kwenu anayekwenda kwenye baraza la ardhi akitaja haki yake anatumia matunda ya kazi ambayo hakuna kibao kilichowekwa popote kuitangaza. Chukua pia ndoa za utotoni: Rebeca Gyumi, mwanzilishi wa shirika la Msichana Initiative, alikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, au hata 14 kwa kibali cha mahakama, akashinda mwaka 2016, na Serikali ilipokata rufaa Mahakama ya Rufani ikaitupilia mbali mwaka 2019. Hukumu hiyo ilipatikana kwa wanasheria, nyaraka na uvumilivu wa miaka.

Kazi ya namna hiyo ina gharama yake, na si haki kuificha. Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, lilisimamishwa mwaka 1996 na kufutwa mwaka 1997 kwa madai kwamba linafanya siasa. Lilikwenda mahakamani, na hukumu ya Mahakama Kuu iliyolipa haki ilikuja miaka zaidi ya kumi baadaye, wakati nguvu yake ilikwisha kutawanyika. Mwaka 2005 HakiElimu, shirika linalotetea elimu, ilizuiwa kufanya na kuchapisha tafiti kuhusu shule, baada ya kuonyesha hali ya madarasa na walimu katika kipindi ambacho Serikali ilitaka kusifiwa kwa kufuta ada. Ibara ya 20 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kukutana na kujiunga na wenzake, lakini uhuru huo unaishi kwa kutumiwa, na waliokuwa wa kwanza kuutumia mara nyingi ndio walioumia.

Jirani zetu wa Kenya wanatupa mfano wa huduma na utetezi vikikaa katika mwili mmoja. Green Belt Movement ya Wangari Maathai, iliyoanza mwaka 1977, ilikuwa na kazi inayoonekana ya kawaida: wanawake waliotesha miche na kulipwa fedha kidogo kwa kila mche uliopona. Lakini waliojifunza kutunza vitalu na kuweka kumbukumbu ndio waliokuja kuuliza kwa nini misitu ya umma inagawiwa watu wachache, na mwaka 1989 harakati hiyo ikasimama mbele ya mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi, hadi mpango ukaachwa. Miche ilikuwa halisi, na kuni zake zilipikia chakula. Ila zao kubwa lilikuwa watu wasioogopa kuuliza.

Sasa nije kwa hao wanaosema kwamba mashirika ni ajira ya watu wa mjini. Usiwapuuze, kwa maana wanaona kitu cha kweli. Shirika linaloishi kwa fedha za mfadhili huandika taarifa zake kwa mfadhili, mara nyingi kwa Kiingereza, kila robo mwaka, kwa majedwali ya idadi ya waliofikiwa. Mkutano mkuu wa kijiji chenu haupati nakala. Bajeti hupangwa kabla ya mtu kuja kuwauliza shida yenu, kwa hiyo kijiji kinacholia maji kinaweza kuletewa semina ya jambo lingine kwa sababu ndilo lililopata fedha mwaka huo. Posho za vikao nazo zimefanya madhara ambayo tutayalipa kwa muda mrefu, kwani zimewafundisha watu kwamba kukaa kujadili mambo ya kijiji chao wenyewe ni kazi ya kulipwa. Na fedha hizo zinaweza kukatika siku moja. Januari 2025, Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi ya afya barani Afrika, ile ya VVU ikiwamo, ilipewa amri ya kusimamisha kazi wakati wagonjwa wako kwenye foleni. Julai mwaka huo huo USAID, shirika la Marekani la misaada hiyo, likafungwa lenyewe. Wahudumu wa jamii waliokuwa wakiwafuatilia wagonjwa majumbani walijikuta hawana kazi bila kosa lolote, na waliotegemea ziara zao hawakuwa na mtu wa kumuuliza, kwa sababu hawakuwahi kuwa sehemu ya uamuzi.

Serikali imejaribu kuziba tatizo la uwazi kwa kanuni. Kanuni za mwaka 2018 ziliyataka mashirika yatangaze fedha yanazopata na matumizi yake, na mikataba ya fedha inayozidi shilingi milioni 20 iwasilishwe kwa mamlaka husika. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yakaweka ukomo wa miaka 10 kwa cheti cha usajili, chenye kuhuishwa. Naunga mkono uwazi huo kwa moyo wote, lakini naona umeelekezwa juu peke yake. Taarifa inayofika kwa Msajili wa mashirika haya ikaishia huko haimsaidii mama anayetaka kujua kisima cha kijiji chake kiligharimu kiasi gani na mkandarasi alikuwa nani. Shirika lenye nia ya kweli haliambiwi na sheria kusoma hesabu zake kijijini. Linazisoma kwa sababu linajua kwamba hapo ndipo linapopata haki ya kuwaambia viongozi wengine wasome za kwao.

Nimalizie na swali lako la pili, kama kikundi chenu kijisajili kuwa shirika. Kwa hali uliyoieleza, ushauri wangu ni msifanye hivyo sasa. Usajili wa NGO unawezekana hata ngazi ya wilaya, lakini unakuja na ada, taarifa za kila mwaka na hesabu zilizokaguliwa, na shirika kwa sheria halifanyi kazi ya kugawana faida, jambo ambalo ndilo uhai wa kikundi cha hisa. Ninyi mnahitaji kusajiliwa kama kikundi cha huduma ndogo za fedha chini ya sheria ya mwaka 2018, usajili unaofanyika kupitia halmashauri yenu, na afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kumwona kwanza. Ukiwa na usajili na katiba ya kikundi mkononi, muulizie pia mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Hiyo ni fedha ya kodi na ushuru wenu, nanyi mna haki ya kuuliza iligawiwa kwa nani hata kama hamkuiomba. Ikitokea baadaye mkataka kufanya kazi inayovuka uanachama wenu, kama kuwasaidia wajane wa tarafa nzima katika mashauri ya ardhi, hapo usajili wa shirika utakuwa na maana, na mtakwenda kwa mfadhili mkiwa na kazi mliyokwisha kuianza.

Kisima kisisubiri hayo yote. Sheria ya serikali za mitaa inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukutane angalau kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake. Mwandikieni mtendaji wa kijiji mapema, kwa barua yenye muhuri wa kikundi, mkiomba kisima kiwe ajenda inayojitegemea badala ya kuachwa kwenye mengineyo, na mwombe RUWASA wilaya ialikwe. Siku hiyo yaulizwe mambo matatu: nyaraka za makabidhiano ziko wapi na nani alisaini, daftari la michango linaonyesha nini, na kisima kitaingizwa lini chini ya chombo cha watoa huduma ya maji. Kamati isilaumiwe kwa uvumi kuhusu hesabu ambazo hamjasomewa. Izisome kwanza, kisha ijibu. Wenzako ambao kila Jumatano wanasikia salio likitajwa kwa sauti tayari wanajua hesabu ya wazi inavyosomwa, kwa hiyo wakae mbele na waulize wao. Na mkutano ukimalizika, hakikisheni uamuzi umeandikwa kwenye muhtasari ukiwa na tarehe ya utekelezaji na jina la mhusika, mkachukue nakala moja ya kikundi na kupeleka nyingine kwa afisa mtendaji wa kata.